Tupeane uzoefu: Kumwita koyoti ukiwa na kashamba kadogo

Mfugaji_Ohio
Wakuu, habari za huko mliko. Uzi huu ni wa sisi tulioko Marekani tuliojitosa kwenye ufugaji wa mbuzi. Nina ekari 11 na mbuzi 23. Walikuwa 26.

Wawili walipotea Mei, sikuona hata unyoya. Wa tatu nilimkuta kando ya uzio, nikamchuna shingo: matundu ya meno kooni, damu imevilia chini ya ngozi. Mbwa wa jirani huwa hang'ati hivyo, yeye hurarua mapaja na masikio ovyo ovyo. Huyu ni koyoti, na mwezi huo ana watoto shimoni wa kulisha. (Mlioko nyumbani, mfikirie bweha, ila huku mashariki ni wakubwa zaidi, wamechanganya na damu ya mbwamwitu.)

Nikanunua spika ya rimoti yenye mlio wa sungura anayekamatwa, nimvute karibu nimpige risasi. Januari, theluji mbichi, nikakaa chini ya mti, spika miguuni, sauti juu kabisa. Dakika 40, kimya. Nanyanyuka niende zangu, naona nyayo nyuma yangu, kama hatua thelathini hivi. Zimekuja kwa mstari mmoja mpaka kona ya uzio, hapo theluji imebonyea alipoweka makalio, halafu zikarudi zilikotoka. Jamaa alikaa ananitazama mgongo!

Leteni visa vyenu. Kunicheka ruksa.

Mwana_wa_Lamu
Pole, ila umejitakia. Mimi niko Texas. Kwetu mtoto akipanda mashua, la kwanza afunzwalo ni goshini wapi (upepo unakotoka) na demani wapi (unakoelekea). Koyoti naye kafunzwa na mamake. Akisikia mlio haji moja kwa moja. Huzunguka mpaka awe demani, anuse kwanza, ndipo aamue. Spika iweke upande wa goshini, hatua 40 kutoka ulipo, nawe kaa kando, macho yako yatazame demani. Hapo akizunguka kunusa spika, anapita mbele yako.

Tatizo la shamba dogo ni hili: demani yako ni kwa jirani. Mimi nina ekari 9 na upepo wa kusini ndio mwingi huku, kwa hivyo mnyama husimama shamba la mzee wa kaskazini. Nilimwendea na mguu wa mbuzi, nikaomba. Akanipa ruhusa kwa maandishi, na siku hizi humpigia simu kabla sijatoka. Upepo ukigeuka nikaona unaelekea kwenye nyumba za magurudumu upande wa mashariki, narudi kulala.

Na sauti punguza. Ekari 9 unazijaza kwa sauti ya mtu anayeongea. Ukipiga juu unawafunza koyoti wa kijiji kizima kwamba sungura huyo ni wa betri.

Mwaka jana alinijia mmoja dakika ya nne, mzuri, manyoya ya baridi yamejaa. Akasimama ukingo wa mtaro hatua 60, ubavu wote kwangu. Kidole kwenye kifyatulio. Nyuma yake, mbali, taa ya jiko la mtu ikawaka. Hakuna kilima wala tuta la kuzuia risasi. Nikamwacha akaenda. Hata risasi ile ndogo ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2 ikikosa.

Mshi_wa_Iowa
Jambo bandugu. Mimi ni mtu wa Bukavu. Februari ni mwezi wa kupandana, nikaacha mlio wa sungura, nikapiga ule wa koyoti jike analia. Saa kumi na mbili asubuhi, giza bado. Macho mawili yakaangaza kwenye tochi nyekundu, yanakuja mbio kabisa. Niko tayari. Kitu kikanizuia tu, Mungu mwenyewe anajua. Akakaribia nikasikia kengele ndogo shingoni. Mbwa wa jirani! Akanilamba mikono. Tangu siku ile macho peke yake hayanitoshi, lazima nione mwili wote.

Nairobi_Minnesota
Swali la kando. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, bunduki nimeiona kwa polisi pekee. Mtu ambaye si raia anaruhusiwa kweli?

Mfugaji_Ohio
Mwenye green card anaruhusiwa kununua. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au utalii, sheria ya nchi inamkataza, isipokuwa awe na leseni halali ya kuwinda au aangukie kwenye misamaha mingine michache. Usisikilize wa mtaani (mimi nikiwemo), muulize wakili wa uhamiaji kabla hujagusa. Na kila jimbo lina kanuni zake za leseni, usiku na taa.

Bibi_Mbuzi
Nyie wanaume mnakesha kwenye baridi bure. Mimi nina mbwa wawili weupe wa Great Pyrenees, aina ya kulinda mifugo, wanalala na mbuzi. Mwaka wa tatu huu sijapoteza hata kitoto. Ukimuua koyoti mwenye eneo, anakuja mwingine asiyejua mipaka yako.

Mfugaji_Ohio
Mama, nimekusikia, na mbwa nimeshaagiza. Lakini huyu wangu ameshajifunza njia ya zizini, simsubiri mpaka mtoto wa mbwa akue.

Mfugaji_Ohio
Wakuu, mrejesho. Jumamosi upepo ulitoka magharibi, mwepesi. Niliingia kwa kupitia kwenye mtaro badala ya kukatiza uwanjani, spika hatua 40 goshini, sauti ya chini, mgongo kwenye marobota ya nyasi, mbele yangu kuna tuta la bwawa. Nilijiwekea dakika 20 tu. Dakika ya 11 akatokea pale pale konani, akaanza kuzunguka kama Mwana_wa_Lamu alivyosema, pua juu. Risasi moja, tuta likapokea.

Mwana_wa_Lamu
Hongera. Sasa upumzishe hapo wiki tatu. Ngozi?

Mfugaji_Ohio
Iko gereji. Mama watoto amesema ikivuka mlango wa jikoni, mimi nitahamia huko huko.