Nguo za ofisini kwa laki na themanini: nianzie wapi?

Binti wa Hesabu
Habari zenu wadau. Mwezi ujao naanza kazi ya uhasibu Posta, Dar. Mavazi ni rasmi, Ijumaa tu ndiyo kitenge kinaruhusiwa. Nina 180,000 hadi mshahara wa kwanza, na usafiri wangu ni daladala. Nyonga sentimita 104, kiuno 80. Niende Karume nikachambue mitumba, ninunue dukani Kariakoo, au nishonewe? Na kipi kitangulie?

Mama Cherehani
Hongera mwanangu. Gawa hela kabla hujatoka nyumbani. Viatu 45,000. Nguo za chini tatu, kila moja isizidi 12,000. Za juu tano, kila moja 7,000. Blezi moja 22,000. Fundi 30,000, na hiyo usiiguse kwa kitu kingine. Zinabaki 12,000 za sabuni na vifungo. Za chini ziwe nyeusi, bluu ya giza na kijivu, zisizo na maua wala mistari, ili kila blauzi ikubali kila moja.

Suruali nunua kwa nyonga, kiuno mwachie fundi. Kwa vipimo vyako, inayokaa vizuri nyongani itapwaya kiunoni. Fundi anapunguza kwenye mshono wa nyuma, sentimita 4 hadi 5. Akizidisha hapo, mifuko ya nyuma inasogeleana na mshono unavuta makalioni. Ukitaka kuongeza, geuza nguo uone kitambaa kilichoachwa ndani ya mshono. Kama hakipo, rudisha. Urefu nao una mtego: ukishusha upindo wa zamani, alama yake haitoki, hasa kwenye nyeusi iliyopauka.

Blezi angalia bega kwanza. Mshono uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Kurekebisha bega ni kufumua mkono, bitana na sponji, na bei ya kazi hiyo itapita ya blezi yenyewe. Kiuno na urefu wa mikono ni kazi ndogo.

Soko la Asubuhi
Salamu kutoka Nairobi, dada. Huku soko la mitumba la Gikomba mzigo wa kwanza kuchaguliwa belo likifunguliwa tunauita kamera, na yale mabaki ni fagia. Fika mapema siku ya kufungua belo, maana kufikia mchana unachagua walichoacha wenzako.

Ukishika nguo, itazame dhidi ya mwanga wa jua, si wa taa ya kibanda. Anza na kwapa, halafu kola, katikati ya mapaja na zipu. Manjano ya kwapani achana nayo. Jiki haiyatoi, mara nyingi huyazidisha. Blezi iliyovimbavimba kifuani kama ina mapovu usiichukue: gundi ya kitambaa kigumu cha ndani imeachia na pasi haiirudishi. Blauzi za polyester tupu zinaonekana nadhifu kibandani, lakini kwa joto la Dar utanuka jasho kabla ya saa sita. Tafuta lebo yenye pamba nusu au zaidi.

Soli Ngumu
Kuhusu viatu, wengi wanaliwa hapa. Soli nyepesi za povu la polyurethane huharibiwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikikaa tu kabatini. Utakuta kinang'aa, unakivaa wiki mbili, soli inamomonyoka barabarani. Bonyeza ukingo wa kisigino kwa kucha: ukibaki na shimo, ukinata au ukitoa unga, weka chini. Mpira halisi ni mzito kidogo na unarudi. Kunja pia sehemu ya mbele: ngozi hutoa mikunjo midogo, plastiki hupasuka au kubanduka. Pampu, yaani kiatu cha kuchomeka, nyeusi ya kisigino kifupi inatosha. Kwenye daladala panda na raba, pampu ikae kwenye begi.

Binti wa Hesabu
Asanteni sana, na shikamoo Mama. Sketi je, nishone? Na blezi ni lazima kweli, kwa joto hili?

Mama Cherehani
Marahaba. Blezi ni ya vikao na kiyoyozi, itundike ofisini. Mimi siiondoi kwenye hesabu.

Sketi moja kati ya zile tatu shona. Kitambaa cha upana wa sentimita 150, mita moja inatosha ya magotini pamoja na mshipi. Mwambie fundi aweke bitana, na upasuo wa nyuma usipungue sentimita 18, la sivyo ngazi ya daladala itakuchania. Ndiyo maana sketi ndefu ya mtumba ukiipunguza chini inakubana kutembea: upasuo umeliwa na upindo. Kitenge cha Ijumaa kiloweke na kukianika kabla hakijakatwa, kwa sababu pamba hurudi, yaani husinyaa, ikilowa.

Halafu pasi. Nguo nyeusi piga upande wa ndani, au weka kitambaa chenye unyevu juu yake. Ukiipiga moja kwa moja, mapaja na mishono itang'aa, na mng'ao huo mara nyingi hautoki tena.