Naomba ushauri: Kiingereza cha kumuunga mtu mkono kwa moyo wote

Habari zenu wakuu. Naandika barua ya Kiingereza kumuunga mkono mwenzangu anayeomba ufadhili wa masomo. "I support her" naona imepoa mno, utadhani nimelazimishwa kusaini. Nimefikiria "I wholeheartedly support her": ina moyo na bado ni rasmi. "Staunch supporter" inabeba uaminifu wa muda mrefu, na kweli namfahamu kitambo, ila kwangu ina harufu ya siasa. "Ardent" ina moto zaidi. "Die-hard" nimeitupa, hiyo tuwaachie mashabiki wa mpira.

Mliozoea kusoma barua hizi, "I recommend her without reservation" ina uzito kuliko hiyo ya "wholeheartedly"? Na nikiziweka zote mbili kwenye aya moja, si itaonekana nampigia debe?