Lewisia inaoza shingoni na simwagilii sana. Inaokoleka?

Kibaraza_Glasgow
Wakuu habarini. Nina lewisia (Lewisia cotyledon), mmea wa maua wa milimani, kwenye chungu cha plastiki cha sentimita 12, kibarazani, Glasgow. Mei ilichanua vizuri. Tangu Oktoba majani ya chini yanageuka kahawia, ukiyagusa tu yanachomoka, na pale yanaposhikana na mzizi, yaani shingoni, pamekuwa laini. Namwagilia mara moja kwa wiki. Udongo ni uleule wa dukani. Nifanyeje?

FundiMiamba
Mkuu, kwanza uwe na uhakika. Mng'oe uangalie mizizi. Ukikuta vifunza vyeupe vilivyojikunja, vichwa vya kahawia, hao ni wadudu wa fukusi na ndio waliotafuna mzizi. Kama hawapo, shingo imeoza kwa maji.

Mmea huu asili yake ni milima ya Klamath, kaskazini mwa California na kusini magharibi mwa Oregon, na huota kwenye nyufa za miamba. Baridi kavu haiusumbui. Unakufa maji yakituama shingoni msimu ambao haukui, na mvua ya Glasgow peke yake inatosha kufanya hivyo hata usipogusa ndoo.

Kung'uta udongo wote, hasa lile donge jeusi la dukani lililobana mizizi. Linanyonya maji kama sifongo, na ukiliacha ndani ya udongo mzuri bado litaozesha. Kisha kata sehemu laini kwa kisu kilichofutwa spiriti, kidogo kidogo, hadi ukutane na nyama ngumu isiyo na doa. Doa la kahawia likiendelea hadi katikati ya mzizi mkuu, tupa. Likiisha, anika mmea kivulini siku mbili jeraha likauke.

Udongo mpya: nusu udongo wa kupandia wenye mfinyanzi kiasi, nusu changarawe ya milimita 3 hadi 6. Usiweke mchanga laini wa ujenzi, unaziba nafasi za hewa. Chungu kiwe cha udongo, kina cha sentimita 15 au zaidi, maana mzizi unashuka chini. Panda shingo ikiwa sentimita 2 juu ya udongo, halafu jaza nafasi hiyo kwa changarawe tupu hadi majani yalalie mawe. Mimina glasi ya maji: yakisimama juu hata kidogo, ongeza changarawe.

Mama Kitalu
Nakubaliana na Fundi, naongezea suala la mvua. Oktoba hadi Machi weka kipande cha kioo juu ya matofali, pande zote wazi. Usifunike kwa mfuko wa plastiki, unyevu utabaki ndani na ukungu utashika. Kwenye ukuta wa mawe ni rahisi zaidi: mmea unapandwa ubavu, maji yanateleza.

Majani yakinywea wakati wa baridi usiogope, mzizi mnene una akiba. Ndugu yake, Lewisia rediviva, alipewa jina hilo kwa sababu mzizi uliokwisha kukaushwa kwa ajili ya maktaba ya mimea (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ulichipua tena. Ukilazimika kumwagilia, simamisha chungu kwenye sahani ya maji dakika 10, kisha kitoe. Machi ukuaji ukianza, mwagilia kila udongo wa juu unapokauka. Maua yakiisha, punguza. Mbolea ya nyanya, nusu ya kipimo, mara moja au mbili kabla ya maua. Mbolea yenye naitrojeni nyingi inatoa majani mapana yaliyolegea, na hayo ndiyo huoza mapema.

Kibaraza_Glasgow
Asanteni. Nimeng'oa: hakuna vifunza, doa limefika katikati. Ila pembeni kuna vichipukizi viwili vigumu.

FundiMiamba
Basi mmea mama uache, okoa watoto. Kata kila kimoja na kipande cha shina, ondoa majani ya chini, anika siku mbili, kisha simika kwenye changarawe yenye unyevu kidogo, dirishani penye mwanga ndani ya nyumba isiyo na joto kali. Wakati wake hasa ni Juni, kwa hiyo vitachelewa kutoa mizizi. Usivivute kujaribu; majani mapya katikati ndiyo dalili.

Mama Kitalu
Na chungu cha zamani kisugue kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukitumia tena. Udongo wake usiurudishe kwenye vyungu vingine.