Saratani ya ngozi kwa wanaume wapenzi wa jinsia moja Marekani: ni maumbile au mazoea?

Swali
Habari wanajukwaa. Naandaa somo la afya ya ngozi kwa kliniki ya Marekani inayohudumia wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia, wakiwemo wanaozungumza Kiswahili. Takwimu zinasema wanaume wa kundi hili huugua saratani ya ngozi kuliko wanaume wengine. Kwa nini? Na mwenye ngozi nyeusi nimwambie nini?

Jibu la 1
Ndugu, anza na kitanda cha taa za kubabua ngozi, ambacho mtu hulala ndani yake amulikwe mionzi kama ya jua ili ngozi iwe na rangi ya kahawia. Katika utafiti wa kitaifa wa afya uitwao BRFSS, 2014 hadi 2018, waliowahi kuugua saratani ya ngozi walikuwa 8.1% ya mashoga na 8.4% ya wanaume wanaopenda jinsia zote mbili, dhidi ya 6.7% ya wanaume wengine. Kwa wanawake mambo yaligeuka: wasagaji 5.9%, wanaopenda jinsia zote mbili 4.7%, wengine 6.6%. Tafiti za California zilikwishaonyesha kuwa wanaume hao hutumia vitanda hivyo mara nyingi zaidi, huku wanawake wanaopenda wanawake wakivitumia kidogo. Hatari inafuata taa. Tangu 2009 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, imeviweka vitanda hivyo kundi moja na tumbaku.

Wengi hulala humo kabla ya likizo "wasiungue ufukweni". Wakanushie kabisa: rangi ile inatokea baada ya vinasaba vya ngozi kudhurika, na kinga yake haizidi SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 3 au 4.

Jibu la 2
Anayetaka rangi apake dawa yenye DHA, kemikali ya kutia ngozi rangi bila mionzi. Inatia rangi seli zilizokufa za juu tu na hufifia ndani ya wiki moja. Haizuii jua, kwa hiyo losheni ya kuzuia jua ipo palepale: mililita 30 hivi kwa mwili mzima wa mtu mzima, dakika 15 kabla ya kutoka, kisha kila baada ya saa 2 na kila akitoka majini. Wengi hupaka nusu ya kiasi hicho au pungufu, halafu wanailaumu chupa.

Usisahau doksisaiklini, antibiotiki ya kuzuia magonjwa ya zinaa. Tangu 2024 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri miligramu 200 ndani ya saa 72 baada ya kujamiiana, kwa wanaume wanaojamiiana na wanaume na kwa wanawake waliobadili jinsia waliopata kaswende, klamidia au kisonono mwaka uliopita. Dawa hii hufanya ngozi iungue upesi, hasa kwa UVA, aina ya mionzi ya jua ambayo hupenya hata kioo cha dirisha. Namba ya SPF hupima zaidi UVB, aina nyingine ya mionzi hiyo, basi achague losheni iliyoandikwa kuwa inazuia UVA pia. Septrin nayo ina tabia hiyo, na wanaoishi na VVU wana hatari kubwa zaidi ya saratani ya ngozi hata bila dawa hizo.

Jibu la 3
Kwa ngozi nyeusi, dada au kaka akivua nguo usiishie mgongoni. Melanoma yao, aina hatari ya saratani ya ngozi, hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua si chanzo kikuu, na hugunduliwa ikiwa imechelewa. Mfundishe kukagua kila mwezi kwa kioo: katikati ya vidole, kisigino, kila kucha. Mstari mweusi kwenye kucha ni kawaida kwa wengi wetu; unaopanuka, ulio kwenye kidole kimoja tu, au uliomwagikia ngozi pembeni ya kucha, aende kwa daktari wa ngozi wiki hiyohiyo. Kadhalika kidonda cha unyayoni kilichotibiwa kama fangasi na hakijapona.