Tupeane uzoefu: HbA1c na upungufu wa damu, nani kipimo kilimpa picha isiyo yake?

kisima_moro (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Naanza mimi halafu na nyie mje, maana kila wiki naona mtu anakuja humu na karatasi ya HbA1c, kile kipimo cha damu cha sukari ya miezi mitatu, anauliza jamani hii ni sukari au sio sukari, watu wanamjibu kuhusu ugali na bamia na mdalasini na hakuna hata mmoja anayemuuliza damu yako ni ngapi.

Nina miaka 39, niko Morogoro. Mwaka juzi nilienda kucheki afya tu, sikuwa naumwa zaidi ya kuchoka, ila kuchoka kwenyewe kule kwa kupanda ngazi kidogo unakaa chini moyo unadunda mpaka unausikia masikioni. HbA1c ikaja asilimia 6.6. Nikaambiwa kuanzia 6.5 ni kisukari, nikapewa vidonge vya sukari vya metformini na karatasi ya vyakula siku hiyo hiyo. Nililia kwenye daladala mpaka konda akaniuliza mama kuna msiba? Mama yangu mzazi alikatwa mguu kwa ajili ya sukari, kwa hiyo mimi nikisikia hilo neno naona ule mguu.

Vidonge sikuanza. Nikanunua mashine nikawa najitoboa kila asubuhi kabla sijala kitu, 5.2, 5.4, 5.0, 5.3, masaa mawili baada ya kula 6.8 au 7.1, namba za mtu asiye na sukari, nikajaza daftari wiki tatu nzima. Nikarudi nalo. Yule niliyemkuta akanifungia daftari langu akasema hizi mashine za nyumbani si za kuaminiwa, HbA1c ndio baba lao, imekusoma miezi mitatu nyuma huwezi kuidanganya. Basi nikarudi nyumbani nikaacha ugali, wali, matunda, nikakonda kilo sita, kuchoka kukazidi.

Aliyeniokoa ni daktari wa kike kwenye kituo kingine kabisa, nilienda kwa ajili ya kizunguzungu. Hakuuliza sukari. Akanivuta kope la chini akaangalia ndani, akaniuliza mwanangu hedhi yako ikoje? Nikamwambia siku tisa, na mabonge. Wakapima HB, yaani wingi wa damu, ikawa 7.4 wakati mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi. Nilipomtolea ile karatasi ya 6.6 akanieleza kitu ambacho sijawahi kukisahau: HbA1c haipimi sukari peke yake, inapima sukari iliyonasa kwenye chembe nyekundu, na chembe nyekundu inaishi kama siku 120. Sasa mwili ukikosa madini ya chuma hautengenezi chembe mpya kwa kasi, zile za zamani zinakaa kwenye mzunguko muda mrefu, na kadri inavyokaa ndivyo sukari inavyozidi kuinasa. Kwa hiyo namba inapanda na sukari yako wala haijapanda.

Nikatibiwa kutokwa na damu, nikameza fefo, vile vidonge vya kuongeza damu, miezi minne, chai nikaihamisha mbali na mlo maana nilikuwa nakunywa na kila chakula na chai inazuia chuma kuingia mwilini. HB ikafika 12.3. HbA1c ikarudiwa: 5.8. Bado naichunga maana damu ya mama ninayo, lakini kisukari sina.

Haya, karibuni. Anayejua na ajaze.

mtoto_wa_tatu

Pole sana dada. Yetu ilikwenda upande wa pili na ndio inanitisha zaidi.

Mzee wangu ana sukari ya miaka mingi, figo zikachoka, sasa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki hapa Dar. HbA1c yake ilikuwa inacheza 8.4, 8.6. Baada ya kuanza kusafishwa na zile sindano za kuchochea mwili utengeneze damu, na chupa mbili za damu aliongezewa mwezi wa kwanza, ikapimwa ikaja 6.1. Tulifurahi sisi! Mama akapika pilau, mzee akaambiwa apunguze insulini. Wiki ya pili anaamka usiku mara nne anatafuta maji, mdogo wangu akampima kwa mashine 15.8. Tukadhani stripu zimeharibika, tukanunua kopo jipya, 14.9.

Nesi wa pale kwenye mashine za kusafishia ndio alituweka chini akatufafanulia. Damu aliyoongezewa ni ya mtu mwingine ambaye hana sukari, imeingia imechanganyika na yake. Ile sindano nayo inamwaga chembe mpya kabisa ambazo hazijakaa na sukari hata mwezi, na mgonjwa wa figo chembe zake zenyewe zinakufa mapema. Sasa ukipima unapima chembe za juzi, zitakuwaje na sukari ya miezi mitatu? Toka siku hiyo sisi tunaenda na daftari la vidole, asubuhi, kabla ya chakula cha mchana na usiku, HbA1c tunaiangalia kwa mbali tu.

bomba_la_ziwa

Wakuu nasoma hapa natetemeka maana ni hadithi ya dada yangu kabisa. Tuko Mwanza. Dada ana siko seli, ana miaka 31, mwaka jana akaanza kukojoa sana na kukonda. Kliniki moja wakapima HbA1c ikaja 4.7, wakasema sukari ondoa kabisa hapo, wakahangaika na UTI miezi miwili, dawa juu ya dawa. Sehemu ya pili mashine ikakataa kutoa namba, ikaandika kosa, fundi wa maabara akatuambia kwa upole mgonjwa wa siko seli huyu kipimo hiki hakimfai, chembe zake zinapasuka baada ya wiki chache haziwezi kubeba historia ya miezi mitatu, na hemoglobini yenyewe siyo ile ya kawaida ambayo kipimo kinaitafuta. Akapimwa sukari ya kufunga kula kwenye mshipa: 12.6. Miezi miwili dada yangu anateseka na sukari juu eti kwa sababu karatasi inasema 4.7, na kila mtu pale alikuwa anajua ana siko seli, imeandikwa juu ya faili lake kwa kalamu nyekundu!

darubini14

Mimi niko maabara mwaka wa 14 sasa, niruhusuni niongeze hapo kwa mkuu wa Mwanza. Hata aliyebeba nusu tu ya siko seli, yaani yule mzima kabisa asiyeumwa, inaweza kumgusa kidogo. Kuna utafiti wa Wamarekani weusi ulitoka 2017 ulionyesha wenye kubeba nusu wanasoma HbA1c chini kwa kama 0.3 kuliko wenzao wenye sukari ile ile. 0.3 ni ndogo, ila kwa mtu aliyesimama mpakani inaamua aambiwe anaumwa au haumwi, na huku Kanda ya Ziwa wenye kubeba ni wengi na wengi wao hawajijui.

Kinachoniuma mimi ni zile fomu. Fomu inakuja imetikiwa HbA1c peke yake, hakuna FBP (kipimo cha picha nzima ya damu), hakuna maelezo. Mimi nitatoa namba sahihi ya kilichomo kwenye ile chupa, mashine haina kosa, lakini mimi simuoni mgonjwa, sijui kama anatokwa na damu au ameongezewa damu juzi. Ukienda mwambie daktari naomba na wingi wa damu upimwe humo humo. Ni tone lile lile, sindano moja.

Na kuhusu mashine za vidoleni, mwanzisha uzi nazo zina la kwao. Damu ikiwa nyepesi sana stripu nyingi zinasoma juu kuliko ukweli, ikiwa nzito sana zinasoma chini. Kwa hiyo zile 5.2 zako ukiwa na HB 7.4 huenda ukweli ulikuwa hata chini ya hapo. Someni ile karatasi nyembamba iliyokunjwa ndani ya boksi la stripu, wameandika kiwango cha damu ambacho stripu zinafanya kazi vizuri, watu wanaitupa hiyo karatasi.

chaki_na_ubao

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi mwalimu mstaafu wa Tanga, miaka 67, metformini nameza mwaka wa 12 huu. Miguu ikaanza ganzi, ulimi ukawa mwekundu laini unawasha nikila pilipili, nikasahau majina ya wanafunzi niliowafundisha mwenyewe. Kila mtu akasema mwalimu hiyo ni sukari imeingia kwenye mishipa ya fahamu, na HbA1c ilikuwa imepanda toka 7.2 hadi 7.9 kwa hiyo ikaonekana kweli, nikaongezewa dozi.

Kijana mmoja daktari wa zamu akaangalia FBP yangu akaona chembe zangu ni kubwa kupita kawaida. Akasema mzee hii dawa ukiitumia miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, na B12 ikipungua unapata upungufu wa damu na ganzi vile vile, na HbA1c nayo inapanda bila sukari kupanda. Nikachomwa sindano za B12, za kwanza mfululizo halafu kila mwezi. HbA1c ikarudi 7.3 na chakula sikubadilisha hata kijiko. Ganzi imepungua ila haijaisha, aliniambia tungechelewa zaidi isingerudi kabisa. Wenzangu wa metformini ya muda mrefu, ulizeni B12.

mkoko_kilifi

Asanteni kwa huu uzi. Swali langu, mimi niko Kilifi, nililazwa na malaria kali wiki tatu zilizopita, damu ilishuka mpaka 8. Sasa nimepimwa HbA1c ni 5.4 na zamani ilikuwa 6.9, natumia dawa. Naweza kupunguza dawa?

darubini14

Usipunguze mkuu. Malaria inapasua chembe nyekundu, hizo unazotembea nazo sasa nyingi ni mpya. Hiyo 5.4 iache kwanza, subiri kama miezi mitatu damu ikae sawa ndio irudiwe, na katikati hapo jipime kidole halafu daktari wako aone hizo namba ndio aamue. Kwa anayetafutwa kama ana sukari kwa mara ya kwanza na damu yake ina matatizo, vipo vipimo visivyotegemea umri wa chembe, sukari ya kufunga kula usiku ikiwa 7.0 kwenda juu, au ile ya kunywa glukosi gramu 75 ukapimwa baada ya masaa mawili ikiwa 11.1 kwenda juu, na kama huna dalili wanarudia siku nyingine wahakikishe. Hata wajawazito wananyweshwa glukosi, na sababu mojawapo ni kwamba ujauzito wenyewe unabadilisha damu.

lori_la_mbeya

Kwa hiyo mimi mwenye 9.8 inawezekana ni damu tu? HB yangu 11.6, mwanaume.

kisima_moro

Kaka yangu hapana, na nakuomba usilishike hilo. Kwa mwanaume 11.6 ni pungufu kweli, itafutiwe sababu, lakini upungufu wa damu wa namna hiyo unasogeza namba kidogo, hauwezi kuchukua mtu wa 5.5 ukampeleka 9.8. Umejipima kidole?

lori_la_mbeya

Asubuhi hii kabla ya chai 13.2.

kisima_moro

Basi hapo vidole na HbA1c vinasema kitu kimoja, ni sukari. Nenda kesho, na ukifika waambie na hiyo 11.6 wasiiache, wakucheki choo kikubwa kama kuna damu au minyoo ya safura, na figo. Ukitoka huko rudi utuambie, mimi nitakuwepo humu.

lori_la_mbeya

Sawa dada. Niko Tunduma na mzigo, nikishusha naenda Ijumaa.

mtoto_wa_tatu

Ijumaa mbali mkuu, 13.2 kabla ya chai ni kubwa. Hapo hapo Tunduma kuna hospitali, paki gari uende leo.