Mjadala: Makala (mkaa) ya Lubumbashi, tufunge msitu au tuupangie zamu ya miaka 30?

Mkakati wa taifa wa REDD+ (mpango wa kupunguza hewa chafu itokanayo na kukata misitu) wa 2012 uliweka lengo kwamba kuanzia 2030 misitu ya Kongo ibaki kwenye asilimia 63.5 ya nchi. Ni namba moja kwa wote, msitu wa Ituri na miombo yetu ya Katanga, misitu ya wazi yenye kiangazi kirefu, pamoja. Wakati huohuo Lubumbashi inapika kwa makala, na magunia yanatoka mbali zaidi kwenye barabara za Kasenga, Likasi na Kasumbalesa. Je, Leta (serikali) ipige marufuku kukata miombo kwa makala, au ipange ukataji kwa zamu, kipande kimoja kila mwaka, na kukirudia baada ya miaka 30? Karibuni.

MUTONDO: Marufuku napinga, na naanza na hesabu. Tuseme nyumba inamaliza gunia la kilo 50 kwa mwezi: kilo 600 kwa mwaka. Tanuri la udongo la kawaida linatoa kilo 10 hadi 20 za makala kwa kila kilo 100 za kuni kavu, tuweke 15. Hiyo nyumba inakula tani 4 za kuni. Miombo inayochipuka upya tuikadirie tani 2 kwa hekta kwa mwaka, na hapo nimeikadiria kwa ukarimu. Basi kila mbabula, yaani jiko la makala, ina hekta 2 nyuma yake, na zinatakiwa zibaki msitu siku zote. Mpango usiozionyesha hekta hizo kwenye ramani ni hotuba tu. Ukipiga marufuku hazipungui; kinachobadilika ni saa ya lori kupita na bei ya bariere, kizuizi cha barabarani.

KASAPA: Papa Mutondo, hesabu yako ndiyo inayonitisha. Hekta 2 kwa kila nyumba, mji mkubwa hivi? Tupande. Mikalitusi mita 3 kwa 3 ni miche 1,111 kwa hekta, unavuna mwaka wa 6 au wa 7, na kisiki kinachipua tena. Au tuige Mampu, uwanda wa Bateke: familia ziligawiwa hekta 25, zinavuna akasia na kuchoma makala ya Kinshasa, zinalima mihogo na mahindi palepale, halafu moto unaamsha mbegu za akasia zilizolala udongoni.

MUTONDO: Bateke ilikuwa savana, haikukatwa miombo kupisha akasia. Hapa kuna mtu anang'oa miombo, anapanda mikalitusi, kisha anaandika hekta zimeongezeka. Pandeni kwenye mashamba yaliyochoka, hapo tuko pamoja. Na msisahau mchwa. Anatafuna mzizi chini kidogo ya shingo ya mche, mche unabaki kijani hadi katikati ya kiangazi, ukiushika unatoka mkononi. Panda mara mvua ikishashika, ili mzizi ushuke kabla ya Aprili, na usirundike nyasi kavu shinani. Na viwavi wa kula na uyoga wa mvua tunaookota kwenye miombo, mikalitusi haikupi.

Miombo yenyewe hurudi zaidi kwa visiki na mizizi kuliko kwa mbegu. Kata chini, sentimita 10 hadi 30 toka ardhini, mkato uinamie upande mmoja maji yasikae, ganda lisichunike. Tanuri usilijenge juu ya visiki: pale udongo unaungua na kisiki hakirudi. Kisiki kitatoa machipukizi mengi. Baada ya mwaka wa pili bakiza 2 au 3 yaliyonyooka. Lakini yote hayo ni bure kama moto haukudhibitiwa. Moto wa Mei au Juni unakuta nyasi bado mbichi, unapita chini na kuzimika usiku. Wa Septemba au Oktoba unakuta nyasi kavu na majani mapya, unaua machipukizi mpaka ardhini. Majaribio ya moto ya Ndola, ng'ambo ya mpaka huko Zambia, yalianza miaka ya 1930: viwanja vya moto wa mwisho wa kiangazi viliishia nyasi, vya moto wa mapema vilibaki na miti, vilivyolindwa vilifunga kabisa.

TANURI: Mnaruka tanuri lenyewe. Kuni za kukata leo na kuchoma kesho zimejaa maji, na tanuri linateketeza sehemu ya kuni kukausha zilizobaki. Ziache wiki 4 hadi 6 za kiangazi. Moshi mweupe mzito ni maji yanayotoka. Ukigeuka wa buluu na mwembamba, ziba. Mtu akilala usiku, udongo ukibonyea na kupasuka, hewa inaingia, asubuhi ni majivu. Tanuri la Casamance, lenye bomba la moshi la mapipa 3 ya lita 200, linafika kilo 25 kwa 100. Weka namba hiyo kwenye hesabu ya Mutondo: tani 2.4, hekta 1.2. Mbona hatulioni? Bomba ni zito, na kuni zikiisha mchomaji anahama. Asiye na haki ya kurudi palepale hanunui bomba.

KAPONDA: Haki ipo kwenye karatasi. Amri 14/018 ya 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya mahali kupewa msitu hadi hekta 50,000, bure na bila kikomo cha muda. Gawa kwa zamu ya miaka 30, ni kama hekta 1,667 za kukata kwa mwaka. Tatizo ni migodi. Kibali cha kuchimba ni miaka 25, kinaweza kuangukia juu ya msitu huohuo kabla zamu moja haijaisha. Kadasta ya migodi (rejista ya vibali) na ramani ya misitu zisipowekwa meza moja, hakuna chefu atakayesubiri mti wa mutondo ukue.

KASAPA: Karatasi haikuokoa mukula, mti wa mbao nyekundu. Uliwekwa 2019 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe walio hatarini, malori yalikuwa yamekwisha pita. Na umeme? Mwadingusha, Koni, Nzilo, Nseke, mabwawa manne ya umeme, na jioni mtaa unapikia makala.

KAPONDA: Umeme ni mjadala wake. Kwenye zamu naomba jambo moja: jamii isipewe pori tupu peke yake wala msitu mzima peke yake. Ipewe vipande vya umri tofauti, cha miaka 5, cha 15, cha 25, ili mwaka wa kwanza pawe na cha kukata. Na mipaka ichomwe Mei, kwa upana wa mita 10. Nani atamlipa mlinzi wa moto Septemba? Bajeti iandikwe hapo kwanza.