Springi ya bastola imeruka wakati wa kusafisha

Muulizaji (Lindi Mjini): Ndugu zangu, salaam. Jana, nilipokuwa nikifungua bastola yangu ninayoimiliki kwa leseni ili niifute chumvi ya upepo wa bahari, springi nyembamba kama njiti ya kiberiti iliruka ikapotelea mkekani. Niitafuteje?

Mchangiaji (Masasi): Pole sana, ndugu. Usifagie kwanza. Zima feni, laza tochi sakafuni ili chuma king'ae, kisha pitisha sumaku ya spika mbovu polepole juu ya mkeka, hasa kwenye mishono ya ukili.

Mchangiaji (Mikindani): Ukiikosa, tafadhali usikunje waya mwingine badala yake, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni. Siku nyingine, ukishatoa magazini (kikasha cha risasi) na kuhakikisha chemba, yaani sehemu risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, haina risasi, ifungulie juu ya shuka jeupe.

Muulizaji: Ahsanteni, nimeipata mshononi.